Rimoti ya Dereva

Fundi aliiharibu rimoti ile kwa uangalifu zaidi kuliko alivyowahi kutengeneza nyingine yoyote. Alifungua ganda, akang'oa kile kijidude ambacho bila hicho gari halifunguki wala haliwaki, akakifunga kwenye karatasi na kukitia kwenye droo. Kisha akalibana ganda, akaipangusa rimoti na kumrudishia bibi aliyekaa mbele yake na mkoba mapajani.

"Haitawasha?" bibi akauliza.

"Hata ukiibembeleza, mama."

Bibi akashusha pumzi. Mumewe alikuwa ameendesha mabasi mpaka akastaafu, na mtaani bado aliitwa Dereva, ila macho yalikuwa yamemtupa mkono. Juzi aligonga nguzo ya geti lake mwenyewe, akadai geti limesogezwa. Kumwambia aache kuendesha ilikuwa sawa na kumwambia aache kupumua. Lakini Jumamosi ikifika atamwambia mkewe apande waende sokoni, naye atapanda, na huko barabarani kuna watoto wa watu. "Afadhali aikasirikie rimoti kuliko kunikasirikia mimi," bibi alisema. Aliomba iwe siri yao, akasema atamwelekeza mzee kwa Fundi huyu huyu, kisha akaondoka upesi kabla mumewe hajaamka usingizi wa mchana.

Fundi alikubali kwa huruma. Hakujua kwamba huruma ile itamla jina.

Kesho yake Dereva akaja mwenyewe, shati limepigwa pasi, akipapasa kizingiti kwa ncha ya kiatu kabla ya kuingia. Alieleza kwamba gari limegoma kabisa. Fundi akaigeuzageuza rimoti, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema tatizo ni kubwa na huenda likachukua muda. Dereva hakubisha.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Wiki zikawa miezi. Fundi alibadilisha betri isiyo na kosa, akabadilisha ganda, akasingizia waya, akasingizia unyevunyevu. Kila mara Dereva aliichukua akaenda nayo nyumbani, akairudisha imekufa vile vile, tena bila kununa. Alizoea kukaa kwenye benchi la wateja na kikombe cha chai, akisimulia safari zake za zamani. Na kila mteja aliyeingia alihadithiwa, bila chuki hata chembe, jinsi Fundi huyu alivyoshindwa na rimoti moja.

"Anajitahidi," mzee alimalizia kila mara. "Si kosa lake."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sasa Fundi alikuwa anajitembeza. Mwenye teksi mmoja alichukua ufunguo wake kabla haujaguswa, akasema atapita siku nyingine. Gereji ya jirani, iliyokuwa ikimletea funguo zote, ikaanza kuzipeleka ng'ambo ya mji. Nyumbani mkewe alimwambia wazi kwamba watoto wao hawatakula siri ya bibi wa watu. Iliuma, kwa sababu Fundi alijua kazi yake na aliipenda. Akajaribu njia ya adabu: akamshauri Dereva aende kwa fundi mwingine mwenye mashine mpya. Dereva akakataa katakata. Alisema yeye si mtu wa kuhamahama.

Asubuhi moja hapakuwa na mteja, wala dalili ya mteja. Fundi akafungua droo na kukirudisha kile kijidude mahali pake ndani ya rimoti, ambayo safari hii mzee alikuwa ameiacha dukani. Dereva alipokuja, akakabidhiwa rimoti nzima na kuambiwa imepona.

Mzee akauliza kama Fundi ana hakika. Fundi akajibu kwamba ana hakika kabisa, na kama wateja wangekuwepo angesema kwa sauti zaidi. Dereva akaitia rimoti mfukoni, akashukuru polepole, akatoka akipapasa kizingiti. Huko nje alimwomba radhi mtu aliyempiga kikumbo. Mtu huyo alikuwa nguzo ya umeme.

Fundi aliitazama nguzo, akaitazama kalenda ukutani. Ilikuwa Jumamosi.

Alifunga duka akakimbia, aproni ikiwa bado kiunoni. Njia nzima alitega sikio asikie breki au kilio cha mtu, na kila honi ilimkata maini. Alijilaani yeye na jina lake zuri. Alipofika akakuta geti liko wazi, akaingia mbio.

Gari lilikuwa bado uani, limejaa vumbi. Bibi alikuwa ametoka. Dereva alikuwa amechutama karibu na kamba ya nguo, mkono umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Fundi akasogea aone anachofua. Mzee aliinua rimoti majini, akaibonyeza, na gari likalia na kumulika taa zake zote. Akaguna, akaizamisha tena.

"Ni wewe," alisema, maana alimtambua kwa kuhema. "Mama yako asijue. Tangu siku ya harusi nilimwahidi kwamba nikiwa hai hatakwenda sokoni kwa miguu. Sasa nitamwambiaje kwamba sioni?"

Mzee akaijaribu rimoti mara nyingine, na gari likaitika vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Mafundi wazuri wamejaa mji mzima," Dereva akasema kwa masikitiko. "Fundi mbovu nilikuwa naye mmoja tu, na leo ameniangusha."