Migomba ya Mpakani

"Mafuriko ndiyo yaliyohamisha migomba ya mpaka, wifi, si mimi."

"Maji hung'oa," Rachael akamjibu dada wa mumewe. "Hayapandi kwa mstari."

Miaka yote wawili hao walisoma Biblia pamoja kila asubuhi, papo hapo kando ya mto Tana, kabla ya kushika jembe. Sasa migomba michanga ilisimama ndani kabisa ya shamba la Rachael.

"Tusome kwanza, hasira itapoa," wifi akasema, akaifungua Biblia. Kidole chake kikaacha tope bichi kwenye sura ya kumpenda jirani.

Rachael akautazama ukurasa. Akaifunga Biblia, akampa jembe.

"Tumeshasoma. Chimba mashimo pale migomba ilipokuwa."

Akaukumbatia mgomba wa kwanza, akaung'oa.