Kigari Rangi ya Papai

Jovina aliporudi kutoka sokoni alimkuta mumewe amepiga magoti uani, anasugua gari la bosi wake kwa nta nyekundu ya sakafu. Kopo moja lilikuwa limeshakwisha, na sasa alikuwa anakwangua la pili kwa kidole.

"Baba Demetria, hilo ni gari au sebule?"

Adelard akamweleza, huku akicheka peke yake. Kigari kile kilikuwa cha Bwana Anders, Mswidi aliyewafundisha pale kiwandani Chang'ombe kutengeneza matangi ya maji ya faibaglasi. Hakikuwa na milango wala paa, magurudumu ya nyuma yalikuwa mapana kuliko ya mbele, na kila Jumapili kilikuwa kikirukaruka mchangani Msasani huku Adelard akikitazama na udenda unamtoka. Sasa Mswidi alikuwa amesafiri, na kila mtu aliachiwa kitu: mpishi mbwa, mtunza bustani redio, Adelard kigari na funguo zake zote mbili. Karatasi zimo kwenye bahasha chini ya kiti, alisema Mswidi, akampa Adelard mkono mara mbili, akaingia kwenye teksi. Likizo ya Mswidi huwa wiki nne. Kwa hiyo Adelard alikuwa na wiki nne.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Atakivika kigari chote faibaglasi, na ganda likikauka atalibandua. Ndani ya ganda hilo atapaka lingine, nalo litatoka na umbo la gari kama ugali unavyotoka na umbo la bakuli. Nta ilikuwa ya kuzuia ganda lisigandamane na gari, na dukani hapakuwa na nta nyingine.

Jovina akauliza kama huo si wizi. Adelard, ambaye pia alikuwa balozi wa nyumba kumi, akasimama wima kama yuko mkutanoni.

"Umbo si mali ya mtu," alisema. "Nikilichukua, yeye hapungukiwi kitu. Huo ndio ujamaa wenyewe."

Kwa msimamo wake hakuna aliyemtilia shaka mtaani. Mwaka uliopita alimsimamisha Mzee Gozbert, karani mstaafu, mbele ya mkutano mzima kwa kosa la kumiliki baiskeli mbili. Mtu mmoja, makalio mamoja, baiskeli mbili, alifoka Adelard, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ikabidi Gozbert apeleke moja tawini, kwenye ofisi ya chama, iwe mali ya wote, na hadi leo katibu ndiye anayeipanda.

Kazi ikaanza. Polikarpo, fundi magari, akaleta chasisi na injini ya Volkswagen iliyokufa, akaikata chasisi na kuifupisha. Kila jioni baada ya kazi, na Jumapili kutwa nzima, watu wazima wawili wakawa wanapaka gundi, wanabandika nyuzi za kioo, wanapiga msasa na kuimba. Vumbi la msasa likapaa juu ya ua, na mtaa mzima ukaanza kujikuna. Adelard akawaambia majirani ni joto. Hata injini ilipokuwa bado haijafungwa alikuwa akiingia kwenye bodi tupu, anashika usukani, ananguruma kwa mdomo hadi Msasani na kurudi.

Wiki ya tatu Polikarpo alitaka kufungua ile bahasha, huenda ndani mna vipimo vya breki. Adelard akamkatalia kwa ukali. Bahasha ya mtu haichunguliwi.

Mkosi ulikuwa mmoja tu. Nta nyekundu ilikuwa imepenya kwenye rangi ya njano ya Mswidi, na hata waliposugua kwa mafuta ya taa, kigari kilibaki na rangi ya papai lililoiva. Adelard alikosa usingizi siku mbili akiwaza kufukuzwa kazi. Siku ya tatu akaamua kuchanganya rangi na kulipaka gari la pili upapai uleule. Mswidi akiuliza, ataambiwa ni jua la Dar es Salaam.

Jumamosi ya wiki ya nne gari jipya lilijaribiwa mara moja tu, likawaka. Polikarpo alicheza na spana yake. Jovina alikuwa ameshakaa ndani, kichwa amekifunga kitambaa, anapunga mkono kama mgeni wa serikali. Adelard alicheka hadi machozi yakamtoka. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu siku ya harusi yake.

Hapo mlango wa ua ukafunguliwa. Aliingia Mzee Gozbert, anajikuna shingo, na nyuma yake koplo wa polisi.

"Huyo hapo," alisema Gozbert. "Balozi wetu ameiba gari la mgeni, na sasa analizalisha."

Adelard akajaribu kueleza habari za likizo. Koplo akataka karatasi. Adelard akaivuta bahasha chini ya kiti na kuitoa vilevile ilivyofungwa. Koplo akaichana, akasoma huku midomo ikicheza, kisha akasoma tena.

"Adelard Komba ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Kadi ya gari ina jina lako, tangu siku aliyosafiri huyo mgeni. Barua inasema mkataba umekwisha, harudi. Gari ni zawadi kwa fundi wake bora." Akaligeukia la pili. "Na hili?"

"Nimelitengeneza mwenyewe."

"Basi wizi hakuna. Yote mawili ni yako."

Mzee Gozbert akaacha kujikuna. Akalizunguka gari la kwanza taratibu, akalizunguka na la pili, akamwekea Adelard mkono begani.

"Balozi," alisema kwa upole, "tawini tupeleke lipi?"