Baiskeli ya Kaka

Nesi alipoutoa mrija wa oksijeni puani mwa mgonjwa, Elieth aliona mkono wa kaka yake ukiufuata. Nusu saa tu bila mrija, nesi alisema. Akiimaliza leo akipumua mwenyewe, mashine inazimwa. Jana hofu ilimshinda dakika ya tano.

Kaka, ambaye miguu yake haijawahi kumbeba, akaikodolea macho saa ya ukutani. Kifua kikaanza kupapatika.

"Kaka, baiskeli yako nimemwazima mtu."

Macho yakabanduka kwenye saa. "Baiskeli yangu ya mikono? Nani?"

"Yule mlevi wa Busunzu. Anabebea pombe ya ndizi, ana harusi."

"Wewe mtoto una akili kweli? Yule hata miguu yake miwili inamshinda."

Akamsema. Akaanzia chungu alichovunja akiwa darasa la pili, akashuka hadi mchumba aliyemkataa. Kifua kikapanda na kushuka bila haraka. Nesi akageukia dirishani kuficha kicheko.

Baiskeli ilikuwa nyumbani Kasulu, chumbani, na ufunguo wa chumba umefungwa kwenye pindo la kanga ya Elieth. Akaufinya, akaitazama saa. Zilibaki dakika nne, na kaka alikuwa anaanza kuishiwa maneno.

"Na taa yake," akasema, "wameivunja."