Springi Iliyoondolewa

Profesa alipowaonyesha wanafunzi picha ya protini yake ukutani, Adèle aliitambua hata kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika mjini Kindu, Adèle alikuwa mwanafunzi wake. Kompyuta haikuwepo, kwa hiyo aliirahisisha protini: kila kipande kikawa ushanga mmoja. Akaziunganisha shanga kwa springi za kalamu, akapiga hesabu za mwendo wake kwa mkono, mwaka mzima. Profesa akapanda ndege na daftari la Adèle. "Nitakuita," alisema. Hakumwita.

Sasa shanga zilikuwa zilezile, na kati ya ushanga wa tisa na wa thelathini hapakuwa na springi. Adèle ndiye aliyeiondoa, maana ikibaki, protini haifunguki.

Aliinua mkono.

"Profesa, kati ya tisa na makumi tatu, juu ya nini springi haiko, sababu gani?"

"Ni kurahisisha tu, mama."

"Zingine zote uliziacha mahali pake. Hii moja uliitoa juu ya nini?"

Profesa alitazama ukuta, akatazama karatasi zake. Wanafunzi waliinua kalamu wakimngoja. Ndipo akamwangalia vizuri muulizaji, na midomo ikamkauka.

"Adèle," alisema kwa sauti ya chini. "Tutazungumuza inje."

"Hapana. Tutazungumuza hapa hapa."

Hofu ile usoni mwa Profesa ilimkolea Adèle kama asali. Alipita mbele taratibu, akaitoa chaki mkononi mwake, akawageukia wanafunzi.

"Muandike," alisema. "Kindu, mwaka wa elfu mbili."