Pamba ya Buluu

Tangu atolewe kizazi, Zawena alivuja mkojo mchana na usiku. Mumewe alihamia chumba cha uani, akisema hawezi kulala na harufu ile. Zawena akajiona mchafu, akaacha hata kwenda harusini.

Hospitalini, daktari alimjaza kibofu maji ya buluu, akamwekea pamba ukeni, kisha akaitoa. Ilikuwa imelowa buluu.

"Kibofu kilitobolewa wakati wa upasuaji, mama, ndiyo maana mkojo unapitia ukeni," alisema kwa upole. "Si uchafu wako. Tutakishona."

Zawena aliinyooshea kidole pamba ile.

"Naomba niondoke nayo, daktari."

"Ya nini?"

"Nikamwonyeshe mume wangu."

Alipofika nyumbani alibisha hodi mlangoni kwa mumewe, akangoja na pamba mkononi, matone ya buluu yakimchuruzika miguuni.