Seva ya Chini ya Meza

"Mpaka Ijumaa," mama mkwe alisema. "La sivyo, mjukuu wangu naondoka naye."

Fundi akafumba macho. Ndiyo tabia yake: ugomvi ukimchosha hufumba macho, na kwake maneno yamekwishia hapo. Mumewe alikwisha kuizoea dharau hiyo, mama mkwe bado.

Alipoyafumbua, alijikunja chini ya meza penye kompyuta chakavu ya nyumbani, akaendelea na kazi.

Kosa lilikuwa lake, hakukana. Juzi mtoto alilia karibu saa nzima peke yake chumbani, mpaka sauti ikamkauka, huku mama yake yuko kwenye karakana yake uani akichomea nyaya za redio ya mteja. Kitandani kulikuwa na kifaa cha kumsikiliza mtoto na kutuma arifa kwenye simu. Lakini kila arifa ilipitia kwanza kwenye mitambo ya kampuni, huko ng'ambo, na siku hiyo mitambo ilikuwa kwenye matengenezo. Simu haikutetema hata mara moja. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, ndiye aliyerudi kutoka sokoni akamkuta mtoto hoi.

"Mtoto yuko hatua ishirini, habari zake zinazunguka dunia kwanza," Fundi alimwambia mumewe kwa uchungu. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtambo wa kupokea arifa, seva, nauweka mwenyewe, humu humu ndani."

"Mama anaona akae naye tu mpaka akue kidogo," mume alijaribu.

"Mwambie Mama, mtoto nimemzaa mimi."

Siku tatu alilivalia njuga. Aliweka programu, ikagoma. Akaifuta, akaanza upya. Akafunga kipaza sauti kichwani pa kitanda. Akaunganisha betri ya gari, umeme ukikatika seva isizimike. Mama mkwe alipita nyuma yake akiguna, "Mama gani huyu, simu imefungwa mkononi hata akilala?" Hakujibiwa, na hilo nalo likamuudhi.

Ijumaa mchana mama mkwe aliweka kiti mlangoni pa chumba cha mtoto, akakikalia.

"Nenda kwenye kazi zako," alimwambia Fundi, wakitazamana uso kwa uso. "Mimi sikuiti. Akilia, nitaona kama ana mama."

"Utaona."

Fundi akaenda uani, akawasha kichomeo. Akakosea waya mmoja mara mbili. Aliogopa sana, ila kulia mbele ya yule mama asingelia.

Simu ikatetema mkononi: *Mtoto anaamka.* Kisha tena: *Mtoto analia.*

Alitupa kichomeo, akakata uwanja mbio, ndara moja ikabaki nyuma. Alipofika mlangoni, mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anainuka.

"Nipishe, Mama."

Akambeba mwanawe, akamlaza kifuani, akaweka kiganja mgongoni mwake na kungoja mpaka kutikisika kwa kilio kulipokoma.

Nyuma yake mama mkwe akasema neno. Fundi hakugeuka. Basi mama mkwe akazunguka mpaka mbele, penye mwanga wa dirisha, akalirudia polepole ili mkwewe alisome midomoni: "Abaki."