Hamsini kwa Hamsini

"Hamsini kwa hamsini," alisema Mwalimu Mkuu, akaisukuma karatasi mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa uchafu. "Haya fundi, nieleze. Imewezekanaje?"

Fundi wa kufuli aliipitia karatasi ya mtihani swali kwa swali, akazitazama tena alama za binti yake. Alianza kutabasamu. Mwalimu hakuwa anacheka.

"Anasoma nyumbani, Mwalimu. Bibi yake anamkalisha kila jioni."

"Bibi yake ni profesa? Mtihani huu nimeutunga mwenyewe, mwaka huu huu, kwa jasho langu. Nikaufungia kwenye kabati lile pale. Na kufuli la kabati lile, mwezi jana, alilibadilisha nani?"

Fundi akalitazama kabati. Alilibadilisha yeye.

"Swali la tangi, darasa zima limezama humo. Wako katoka mkavu. Swali la wana wanne na mbuzi tisini, nilikosea hesabu, mbuzi hawagawanyiki. Wako kaandika nini? 'Ishirini na wawili kila mmoja, wawili wabaki wa kitoweo.' Mpaka kosa langu alilijua kabla!" Mwalimu Mkuu akasimama. "Kamati inakaa kesho saa nne. Njoo na ukweli, la sivyo jina la binti yako linakatwa kwenye orodha ya kwenda sekondari. Nilikufundisha wewe, nakujua. Mchongoma hauzai chungwa."

Mtoto wa daktari akipata hamsini, ana kipaji. Wa fundi akipata hamsini, kwanza hutafutwa ufunguo. Fundi alilitafuna hilo njia nzima.

Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Kufuli lile lilikuja na funguo tatu. Mwalimu alikabidhiwa mbili. Wa tatu, fundi aliusahau mfukoni, akaja kuutupia kwenye kopo lake la funguo. Kopo lenyewe halina mfuniko. Linakaa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye kigoda cha mama yake.

Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akasimama chini ya dirisha la jikoni, nyumbani kwake mwenyewe, kama mwizi.

"Tangi," ilisema sauti ya mama yake. "Bomba moja lajaza kwa saa tatu, jingine latoa kwa saa tano. Yamefunguliwa yote mawili."

"Saa saba na nusu! Bibi jamani, hilo tumelifanya mara mia. Na mtihani umeshapita."

"Basi mara mia na moja. Kisu hakihesabu kimenolewa mara ngapi. Keshokutwa ni sayansi, shika penseli."

Neno kwa neno! Na swali lenyewe, hakujua kwa nini, lilimfanya ajione kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Hofu tu, alijiambia. Mwenye hatia ni jamaa yako, utaachaje kuogopa?

Akaingia. Binti akaruka kumlaki. Mama yake hakuruka. Alizikusanya karatasi zake haraka, akaziweka kwenye kigoda, akazikalia.

Fundi akachungulia kopo. Ufunguo ulikuwa juu ya wenzake, unang'aa, kama uliotumika jana.

"Binti, nenda nje kidogo."

"Baba, umeona alama zangu?"

"Nimeziona. Nenda nje."

Mtoto akatoka, uso umemshuka.

"Mama, inuka."

"Magoti yananiuma."

"Mama!"

"Nenda kanawe kwanza, mikono yote grisi."

"Mtihani umeibiwa shuleni. Wanasema ni mimi. Nami nimesimama hapo dirishani, nimekusikia kwa masikio yangu." Akalionyesha kopo kwa kidole. "Ulichukua ufunguo wangu?"

Bibi alimtazama mwanawe, akacheka kidogo kwa pua. "Miaka sabini na mbili hii, nikapande ngazi za ofisi ya Mwalimu Mkuu? Kwenda chooni tu napumzika njiani."

"Basi hizo zimetoka wapi?"

"Sandukuni kwangu."

"Nani kaziweka?"

"Mimi."

"Na kama ni za halali, kwa nini mtoto anaziona, na mimi nikiingia unazikalia? Wiki ngapi sasa? Unadhani sioni?"

Mama yake alijifuta mdomo kwa kiganja. Alipozungumza, ile kejeli ilikuwa imemtoka.

"Mwanangu, ziache. Zitakuumiza."

"Kesho saa nne mtoto anakatwa jina, Mama! Miaka saba ya shule, imekwisha. Kuna la kuniumiza zaidi ya hilo?"

Bibi akashika ukingo wa meza, akajiinua polepole, akageukia ukutani ili asimwone akisoma.

Fundi akaichomoa karatasi ya juu. Sayansi. Akaitupa. Ya pili, hesabu. Swali la tangi lilikuwepo. Wana wanne walikuwepo, na mbuzi wao tisini wasiogawanyika. Maswali yote hamsini yalikuwepo, kwa mpangilio uleule, na karibu yote yamejibiwa kwa penseli, tena vibaya.

Juu, kwa wino mwekundu, palikuwa na alama tisa, sahihi ya Mwalimu Mkuu, na tarehe ya miaka ishirini na saba iliyopita. Na jina la mwanafunzi, kwa herufi za kitoto zilizopinda, lilikuwa la fundi mwenyewe.